Njema, Ila

Nyumba iliyofungwa ina harufu yake, na mimi nimekulia ndani ya harufu hiyo. Ni dawa ya nondo kwenye makabati, ni ukungu wa magodoro yaliyosimamishwa ukutani, ni chokaa iliyonyonya mvua za masika ikakataa kukauka. Baba akifungua ule mlango mkubwa wa Sinyora, harufu ilitupokea kibarazani hata kabla hatujavua ndara, nami niliivuta kwa pumzi nzima. Mwingine angeziba pua. Mimi niliipenda, kwa sababu ilikuwa na maana kwamba leo ni siku ya kupitisha hewa, na siku ya kupitisha hewa sikuachwa peke yangu. Baba alitangulia akifungua madirisha, mimi nikamfuata na kitambaa cha vumbi, tukaenda chumba baada ya chumba tukivifunua viti mashuka yake na kuvifunika tena, tukiitunza nyumba ya mtu ambaye hakuwepo.

Sinyora alikuwa mama wa Kitaliano, mtu mzima, mwingi wa kicheko. Alikuja kila mwaka wakati wa kaskazi na kuondoka Pasaka ikipita, na akiondoka yeye, mtaa mzima uliondoka. Upande ule wa kusini wa Malindi nyumba zimejificha nyuma ya kuta ndefu zilizotambaliwa na boganvilia, na mvua zikianza kila lango linafungwa mnyororo. Walibaki walinzi tu, kila mmoja na koti lake la mvua na redio yake. Wenzangu wa shule walikaa ng'ambo ya barabara kuu, huko ambako watoto walipigana na kupatana kabla ya chakula cha jioni. Mimi nilirudi kwenye chumba cha uani, nyuma ya nyumba kubwa, na njia nzima nilisikia ndara zangu mwenyewe. Baba alilinda usiku, kwa hiyo mchana alilala, na mimi nilifundishwa kutembea bila kupiga kelele. Nilikuwa na upweke ambao sikuwa na jina lake. Nilidhani ndivyo jioni zilivyo kwa kila mtu.

Mama alikuwa Uarabuni. Alikwenda kufanya kazi za nyumba, kwa mkataba wa miaka miwili, mdogo wangu Karisa akiwa bado hata ziwa hajaliacha vizuri. Hawe, yaani bibi yetu mzaa baba, alikuja kutoka kijijini kwetu Jilore akamfunga Karisa mgongoni na leso na kuondoka naye. Mimi nilibaki Malindi kwa ajili ya shule. Mpango wa wazazi wangu ulikuwa mmoja, na waliuongea kwa sauti ya chini kama watu wanaoogopa kuuamsha: nyumba ya mawe Jilore, yenye paa la mabati na sakafu ya saruji, ili siku moja tusiwe watu wa kufungua na kufunga nyumba za wengine. Msimu ninaousimulia, kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, ule mhimili wa juu ya milango na madirisha, na mkataba wa mama ulikuwa ukingoni. Tajiri wake alikuwa amemwambia achague kabla mvua za huku kwetu hazijakatika: arudi, au aongeze miaka mingine miwili. Baba alisema uamuzi ni wa mama. Mama alisema ataangalia hali yetu. Mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani, arudi, na sikujua nimwambie nani.

Alipiga simu kila Ijumaa, alasiri, wakati watu wa nyumba aliyofanyia kazi wamelala. Baba aliamka mapema siku hiyo, akaoga, akavaa shati la kanisani, akaketi kibarazani kwa Sinyora ambako mtandao ulikuwa mzuri, simu ameiweka gotini. Mtu angemwona angedhani anamngoja mgeni aje kwa miguu. Simu ikilia aliniita, akabonyeza spika, akainua mkono kuniashiria nianze mimi, maana mtoto humwamkia mzazi kwanza. Na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, kwa sababu kila nilichosema kilinirudia. Nilisema shikamoo mama, na kabla mama hajaitikia nilisikia mtoto mwingine mahali fulani akisema shikamoo mama, sauti yake nyembamba kama imepitia kwenye mrija. Alikuwa mimi. Ndipo nyuma yake ikaja marahaba ya mama, imechelewa, imegongana na neno langu la pili. Baba alisema ni mitambo, sauti inapanda juu mbinguni halafu inashuka, na nyingine inapotea njia. Nilimwamini.

Msomaji asiye wa kwetu anaweza kuuliza kwa nini sikumwambia tu mama yangu arudi, ikiwa simu ilikuwa mbele yangu. Huyo hajui salamu za Pwani. Kwetu mtu huwezi kumvamia na jambo. Unamwamkia, anaitikia, anakuuliza hujambo, unasema sijambo, sijui wewe. Anakuuliza habari za hapo, unasema njema. Za shule, njema. Za baba, njema. Za hawe na mtoto, njema. Haijalishi kuna nini, jibu ni njema, na lenye uchungu hulingoja neno lake, nalo ni ila. Njema, ila fulani anaumwa. Njema, ila mvua imetukataa. Siku moja alitujia jirani wa hawe kutoka Jilore, baba akamwuliza habari za nyumbani, akasema njema. Za watoto, njema. Za shambani, njema. Akaketi, akapewa maji, akanywa yakaisha, akajifuta mdomo, ndipo akasema, "Ila mzee wangu ametutoka jana." Baba hakushangaa hata kidogo. Ndivyo habari zinavyotolewa.

Sasa chukua salamu hizo uzitie kwenye simu ile. Mama akiuliza habari za shule, swali linachelewa njiani, mimi nadhani hajasema kitu, nauliza yeye habari za huko, linagongana na la kwake, wote tunanyamaza kupishana, halafu wote tunaanza tena. Njema zangu zinanirudia, nazijibu kwa bahati mbaya. Hawe naye akija kutoka Jilore lazima apewe nafasi, na hawe alizungumza na simu kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto, akasalimu mpaka na ukoo wa huyo tajiri. Kadi ya simu ya mama ilikuwa inakwisha salamu hazijakwisha. Tulisikia mlio, kisha kimya, na baba akaitazama simu, akasema, "Basi, amesikia tu wazima." Hilo ndilo lililoniuma. Kila Ijumaa mama alikuwa akisikia njema, njema, njema, na ila yetu ilibaki kibarazani pamoja nasi.

Ila yetu haikuwa ndogo. Karisa alikuwa sasa anasema, na neno lake la kwanza lilikuwa mama, na aliyekuwa akiitwa mama ni hawe. Nililiona mwenyewe tulipokwenda Jilore. Alijikwaa uani, akalia mama, akakimbilia leso ya hawe na kujifunika uso. Baba aligeuka akawa anaangalia linta za nyumba yetu kana kwamba zina kasoro. Na mimi nilikuwa na yangu. Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti ya mama yenyewe, ile ya jikoni, ya kuniambia nipishe moto. Nilikuwa nayo ya simu tu. Nikifumba macho kuitafuta ile nyingine, ilikuja na uvungu wa simu ndani yake.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliitwa Mwalimu Mbodze, mwembamba, mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, na mtu wa kutania. Asubuhi moja ya mvua aliandika ubaoni neno fupi, echo, akatusomesha eko, darasa zima likaitikia eko, akacheka peke yake. Akasema ni neno la tendo, ni kile mahali panachofanya pakikurudishia sauti, kama mwangwi wetu, ila Waingereza wamelifanya litende. Akataka sentensi. Kila mtoto alisema habari za pango, kwa sababu kitabuni palikuwa na picha ya pango, na hapana hata mmoja aliyewahi kuingia pangoni. Aliponifikia mimi nilisimama nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba simu inamrudisha mama yangu. Watoto wakacheka. Mwalimu Mbodze hakucheka. Alisema, "Hapana, Sidi. Simu inakurudisha wewe. Mama yako hayumo." Hakuwa na ubaya, alikuwa anasahihisha kazi tu. Nilikaa chini nikaona haya, na chini ya haya palikuwa na kitu kibaya zaidi, kwa sababu alisema kweli.

Aliendelea. Alisema neno hilo lina matumizi mengine, la mtu anayerudia alilosema mwenzake bila kutia chake, anayeitikia ndiyo kwenye ndiyo. Na akatueleza jambo ambalo sijalisahau, kwamba chumba kilichojaa hakirudishi sauti. Vitanda vinaimeza, nguo zinaimeza, watu wanaimeza. Alituambia tutoe madawati yote nje tuone darasa litakavyotujibu. "Ukitaka kujua nyumba ina nini ndani, simama mlangoni uite," alisema. Akafuta ubao tukaenda kwenye hesabu.

Mimi nilikuwa na nyumba nzima ya kuita. Alasiri ile ile, baba amelala, nilianza. Nilianzia bwawa la kuogelea, ambalo baba alikuwa amelikausha ili kuziba nyufa. Nilishuka ngazi zake, nikasimama chini kabisa ambako maji ya mvua yalikuwa yameanza kutuama na vyura wamehamia, nikasema shikamoo mama. Bwawa liliipokea, likaitandaza, likanirudishia pana kuliko nilivyoitoa. Nilikuwa nafanya mazoezi. Nilikuwa nimeamua kwamba Ijumaa nitafika kwenye ila kabla kadi haijaisha, nikawa najifunza kuzisema njema zote kwa pumzi moja, njema njema njema ila rudi, njema njema njema ila rudi. Vyura walinyamaza kunisikiliza, kisha wakaona ni upuuzi wakaendelea na yao. Nilifanya hivyo kila alasiri wiki ile, na nisiseme uongo, nilikuwa na furaha kidogo humo bwawani. Kulikuwa na mtu wa kunijibu, hata kama ni mimi.

Siku ya kupitisha hewa niliendelea ndani ya nyumba. Sebule ilinikatisha tamaa. Kwa ukubwa wake wote, paa lilikuwa la makuti, na makuti yanameza sauti kama mchanga unavyomeza maji. Ukumbi wa juu wenye dari ya plasta ulijibu vizuri, kwa mbali. Nilikuwa natafuta sauti ya mama. Siku zote nilikuwa nimemwona, nikifumba macho, amesimama katika sebule kubwa ya marumaru huko Uarabuni, mapazia marefu, yeye na simu katikati, kwa sababu sauti yake ilikuja na uvungu na mimi uvungu niliujua kuwa ni wa nyumba kubwa. Nilitaka kukisikia chumba kile. Baba alikuwa bafuni kwa Sinyora akifunga mfereji uliokuwa unadondoka, amepiga magoti, mgongo ameupa mlango. Nilisimama nyuma yake, kwenye vigae vyeupe kutoka sakafuni mpaka darini, nikasema, si kwa sauti kubwa, "Hujambo mwanangu."

Ilikuwa ni mama. Si maneno, ni namna yalivyolia, makavu, ya karibu, yenye kengele kidogo mwishoni. Hakuna chumba kingine cha nyumba ile, wala bwawa, kilichokuwa kimenijibu hivyo. Baba aliacha spana ikaanguka. Aligeuka akanitazama na nikaona kwamba naye amesikia, maana sote wawili Ijumaa zote tulikuwa kwenye spika moja. Nikasema, "Baba, mama hupiga akiwa bafuni." Aliokota spana, akafunga mfereji mpaka tone la mwisho, akaujaribu, akaufunga tena ilhali ulikuwa umekwisha kufungwa. Ndipo akasema polepole, kama anajiuliza mwenyewe, kwa nini mtu aliye mahali pazuri ajifiche ili awapigie watoto wake. Mama alikuwa akituambia mimi mzima, watu wema, kazi si nzito. Njema, njema, njema. Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye alikuwa na ila yake.

Ijumaa iliyofuata baba hakuvaa shati la kanisani. Alikaa na fulana aliyolalia. Mvua ilikuwa imetulia, maji yanadondoka kwenye makuti, na simu ilipolia alibonyeza spika akaniashiria kama siku zote. Mazoezi yangu yote yalinitoka. Badala ya shikamoo nilisema, "Mama, uko bafuni?" Sauti yangu ilikwenda, ikarudi, ikaniuliza mimi, uko bafuni. Kisha kimya, kirefu, na ndani ya kimya kile nilisikia vigae. Mama akasema, "Marahaba, mwanangu."

Nilikuwa sijamwamkia. Aliitikia salamu ambayo haikutolewa. Baba aliinua simu kutoka gotini na mimi nikajikunja, nikijua nitakemewa kwa kukosa adabu, kisha salamu zianze upya mwanzo mpaka kadi iishe. Huyu ni mtu aliyekuwa akisalimu hata mbuzi wa watu. Hakusalimu. Hakuuliza habari wala hali wala afya ya mtu yeyote. Aliisogeza simu mdomoni akasema, "Mama Sidi. Rudi." Neno lake likamrudia, rudi, kwa sauti yake mwenyewe, akashtuka. Ndipo tukasikia mfereji unafunguliwa kule, maji yanaanguka kwa nguvu kwenye beseni, na nyuma ya maji kitu ambacho mfereji ulifunguliwa ili tusikisikie. Tulikaa tukisikiliza maji ya Uarabuni mpaka kadi ikaisha.

Ijumaa iliyofuata hakupiga. Baba alikaa na simu gotini mpaka mbu wakatoka. Iliyofuata hakupiga tena. Baba akaacha kula vizuri, nami nikaacha kwenda bwawani, niliogopa kwamba nimemharibia mama, kwamba tajiri amesikia, kwamba sasa hata bafuni haendi. Hawe alikuja na Karisa, akasema tumwombee, tukaomba. Hakuna aliyetaja linta. Wiki zikaenda, mvua zikapungua, jua likaanza kuvumilia mpaka saa sita. Baba alitia maji kwenye bwawa na vyura wangu wakahama. Kisha siku moja, wala si Ijumaa, simu ililia na namba ilikuwa ya huku kwetu. Nilisema haloo, na haloo yangu haikurudi. Nilisema shikamoo, nikaingoja irudi, haikurudi. Ilikuja marahaba tu, hapo hapo, nzito, ya mtu mwenye mafua, na nyuma yake kelele za watu na mizigo. Mama alikuwa uwanja wa ndege wa Mombasa. Nilijua kabla hajaniambia, kwa sababu palikuwa hapana kitu kati yangu na yeye.

Ningependa kusema kwamba mambo yalikaa sawa, lakini hayakukaa. Nyumba ya Jilore ilisimama pale pale kwenye linta, miaka, mbuzi wakapumzika vyumbani na mpapai ukaota mahali pa sebule. Mama alirudi na tabia ya kula akiwa amesimama, sahani mkononi, karibu na mlango. Ukimwambia aketi aliketi, kisha ukigeuka amesimama tena. Wakati mwingine alikwenda bafuni, bafu letu la mabati la uani, akakaa humo bila maji wala sabuni, na baba akatukataza tusimwite. Watu walipokuja kumpa pole ya safari na kumwuliza habari za Uarabuni alisema njema. Aliyoyapata huko hakumwambia mtu yeyote ninayemjua. Na Karisa, ambaye sasa ana ndevu, mpaka leo mama yake ni hawe. Mama yetu, Karisa humwita Mama Sidi, kama majirani wanavyomwita, na yeye huitika vizuri tu, lakini mimi huona anavyongoja kidogo kabla ya kuitika.

Baba alifariki akiwa bado na funguo za nyumba za watu mfukoni. Mimi nafanya kazi Kikambala, mapokezi, katika hoteli moja ya ufukweni, nasema karibuni siku nzima na natabasamu mpaka mashavu yananiuma. Simu za siku hizi hazimrudishii mtu sauti yake. Unampigia mtu wa ng'ambo na unamsikia akimeza mate. Mama yuko Jilore, katika nyumba ile ile, ambayo mimi na Karisa tuliipandisha mpaka ikapata paa, na hunipigia Jumapili akitoka kanisani. Bado tunasalimiana kama zamani, hatuna haraka, kadi haiishi. Na mimi bado nasema njema. Nimezisema njema hizo katika mwaka ambao nilikuwa na kila kitu, na nimezisema mwezi huu, baada ya mwenzangu kuondoka na vitu vyake. Vitu vyake vilikuwa karibu vyote: kitanda, makochi, kabati, zulia, hata pazia. Sikumwambia mama. Ningeanzia wapi?

Jumapili iliyopita alipiga nikiwa nimesimama katikati ya chumba, nakula, sahani mkononi. Niliweka simu dirishani kwenye spika. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, hujambo, sijambo, sijui wewe. Habari za huko, njema. Za kazi, njema. Za mwenzio, njema. Kisha mama akanyamaza. Nilidhani amekatika, nikaita haloo, na ukuta ukaita nami.

"Sijakatika," alisema. "Nasikiliza. Sidi, mbona chumba chako kinaitika?"

Nilianza kumwambia ni mtandao. Aliniacha nimalize, akaingoja hiyo sauti yangu itue kwenye kuta zote.

"Njema zako nimezipokea," alisema. "Sasa nipe ila."

Niliiweka sahani chini. Chumba changu hakina mfereji, maji tunachota uani. Nililia, na mama akanisikia.